Vazi la Arusi na Nguo ya Kukatia Majani

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani kwetu, juu ya Moshi mjini, karibu na mpaka wa Uru, kwa ajili ya harusi ya mjukuu wa kaka yangu. Kanisani mhubiri kijana alisoma mfano wa mfalme aliyeandaa karamu, akamkuta mgeni mmoja hana vazi la arusi, akaamuru atupwe nje. Nikacheka, rafiki yangu. Nilijikohoza ili kukificha kicheko, lakini mpwa wangu aliyekaa kando yangu alikisikia akanikazia macho. Pale sikuweza kumweleza. Wewe nitakueleza.

Wakati wa Mwingereza, mimi nikiwa msichana mdogo wa shule, mfano huo ulikuwa na mwenyewe kijijini kwetu. Mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na koti jeusi la sufu alilonunua kwa Mhindi mjini baada ya msimu mzuri wa kahawa, na viatu vilivyolia kwii, kwii, hata aliyefumba macho akisali alijua nani amechelewa kwa makusudi. Mchungaji alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, kwa hiyo Jumapili nyingi mzee ndiye aliyehubiri. Aliipenda mimbari kama nzi anavyopenda maziwa.

Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba. Asubuhi zetu zilianza kwa sauti ya maji ya mfereji yaliyopita chini ya kihamba chetu, lile shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba. Kabla ya shule nilizoa samadi ya ng'ombe nikaitia kwenye migomba, kisha nikanywa mtori, mchuzi mzito wa ndizi, ukiwa wa moto hadi jasho linitoke puani. Msimu wa kahawa ulipofika, mikono yetu ilinata kwa utamu wa maganda mabichi, na ua mzima ukanukia matunda yaliyochachuka. Mpaka leo nikisikia harufu ile, miguu yangu hutaka kukimbia.

Jirani yetu wa chini alikuwa mwanamke mmoja aliyeishi kwenye kibanda cha nyasi. Sisi watoto tulimwita Mama wa Mferejini. Alikuwa mke mkubwa wa yule mzee wa kanisa. Ndivyo, mke wake. Kabla hajabatizwa mzee alikuwa na wake wawili, na alipoambiwa abaki na mmoja, alimchagua mdogo, mwenye meno yote na mgongo ulionyooka, kisha uchaguzi huo akauita imani. Mkubwa, ambaye ndiye aliyepanda naye ile kahawa iliyonunua koti, alisogezwa mwisho wa shamba kama chungu kilichopasuka. Binti zake walikuwa wameolewa mbali, upande wa Rombo.

Usidhani alikuwa mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa na ulimi. Kila siku aliteremka tambarare kukata majani ya ng'ombe, akarudi na mzigo mkubwa hata ukimtazama kwa nyuma uliona majani yanapanda mlima yenyewe. Akipita kwetu aliutua, akatugawia ndizi za kuchoma alizokuwa amezifunga kwenye kanga, akatuigiza jinsi kila mzee wa kijiji anavyotembea. Mwendo wa yule mwenye viatu ndio tulioupenda zaidi.

Mama huyo alitaka kubatizwa. Alihudhuria mafundisho mwaka baada ya mwaka, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, akazijua Amri na maelezo yake yote. Lakini majina ya wabatizwa yaliposomwa, lake halikuwamo. Mzee alisema kila anayebatizwa lazima awe na gauni jeupe, na yule mama hana. Hakuna aliyejua sheria hiyo aliitoa wapi, na hakuna aliyemwuliza. Mwaka mmoja, wiki chache kabla ya Pasaka, akapanda mimbarini na mfano wake.

"Mfalme hataki matambara," alisema, macho yakiwa kwenye benchi la nyuma. "Asiye na vazi la arusi asijisumbue kuja."

Mama hakuinamisha kichwa. Bibi, niliyekuwa nimekaa naye, alisonya. Alisonya taratibu na kwa urefu, ndani ya nyumba ya ibada.

Jioni ile bibi alifungua sanduku lake la bati, akatoa shuka jeupe alilojiwekea la kuzikiwa. Nikamwuliza, sasa ukifa je?

"Mtanifunika na chochote," akasema. "Sijawahi kusikia maiti analalamika. Hebu nitungie uzi."

Alilishona gauni kwa mkono, mimi nikitunga sindano kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Lilikuwa pana, halina kola, na mshono mmoja wa bega ulikwenda upogo. Mama wa Mferejini alipolivaa alisimama katikati ya jiko letu, akaupapasa ule mshono wa bega kwa kidole kimoja.

Jumapili ya ubatizo tulipanda naye pamoja. Mchungaji alikuwa tayari ndani, mbele kabisa; mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa.

"Unakwenda wapi?"

"Kubatizwa. Gauni hili hapa."

Mzee alilitazama kutoka begani hadi kwenye pindo. "Nguo umepata," akasema. "Vazi bado. Vazi la arusi ni la moyoni, mama. Wewe umeishi katika ndoa ya kipagani."

"Niliishi na nani?" aliuliza yule mama.

Mtu mmoja nyuma yetu alianza kukohoa. Bibi akasogea mbele.

"Mzee, juzi vazi lilikuwa kitambaa. Leo limekuwa moyo. Tuambie kesho litakuwa nini, tukashone mapema."

"Wanawake, msiharibu ibada," akasema mzee, akaingia ndani, viatu vikimlilia njia nzima.

Mama wa Mferejini akageuka akarudi kwake. Kesho yake tulimwona anateremka tambarare na mundu mkononi, amevaa gauni lile lile jeupe. Bibi alimwita kutoka uani.

"Mwenzangu, na gauni hilo kwenye majani?"

"Wamesema si vazi la arusi," akajibu. "Basi ni nguo ya kukatia majani."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo mama alilivaa gauni lile kila alipokwenda kazini. Utomvu wa migomba ukalitia madoa meusi yasiyofulika, majani yakaliacha kijani mabegani. Mzee alipomwona anakuja barabarani alijipenyeza kwenye kahawa za watu kama mwizi wa kuku, na koti lake la sufu. Nilimwona kwa macho yangu, na sijawahi kumheshimu tena.

Masika yalipokolea, mchungaji alipanda kwa miguu kuja kututembelea. Njiani alimkuta mama ameteleza na mzigo wake kwenye tope. Alimsaidia kuutua, akashangaa nguo, akauliza. Mama akamweleza bila kuongeza chumvi. Mchungaji akaja kwetu, akala mtori, akamsikia na bibi, kisha akaagiza mama aitwe.

"Jumapili nitakubatiza," akamwambia.

"Nitakuja, Baba Mchungaji. Lakini nguo ni hii. Nyingine sina, na hii tumezoeana."

"Njoo nayo."

Akaja nayo. Ilikuwa kazi ya mzee wa kanisa kushika bakuli la maji, na mchungaji hakumpa mwingine kazi hiyo. Mahubiri yalikuwa mafupi.

"Wageni wa karamu ile waliokotwa barabarani," mchungaji alisema. "Hakuna atembeaye barabarani na vazi la arusi begani. Basi mfalme mwenyewe ndiye aliyewavika mlangoni. Sasa jiulizeni yule mmoja alilikosaje. Alipewa, akakataa. Aliona koti lake linatosha."

Hakumtazama mtu. Hapakuwa na haja, kanisa zima lilikuwa linalitazama koti. Mzee naye akainama kulitazama, bakuli likainama naye, maji yakamwagikia viatu.

Ungependa nikwambie kwamba alitubu. Hakutubu. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya unyenyekevu, na miaka ya baadaye aliwasimulia wageni jinsi alivyomlea yule mama kwa uvumilivu hadi akaufikia ubatizo. Leo jina lake limechongwa kwenye jiwe ukutani mwa kanisa: mlezi wa waumini. Watu hulipita wakiliinamia kidogo. Mimi hulipita kama mtu anayepita takataka, na umri huu sina mpango wa kujifunza adabu nyingine.

Kabla sijarudi mjini niliteremka hadi pale kilipokuwa kibanda. Kahawa imeng'olewa. Maji hayapiti tena, kuna mawe na chupa za plastiki. Pamejengwa nyumba ya vigae yenye geti, na mbwa alibweka niliposimama. Msichana mmoja akatoka.

"Shikamoo bibi. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Kuna mama aliishi hapa zamani."

"Anaitwa nani?"

Nikamtajia jina lake la ubatizo, na lile la Kichagga alilopewa na mama yake. La Kichagga alilitamka vibaya. Nikalirudia. Tukasimama pale getini, tukilirudia sote wawili, mpaka akalipata.