Sahihi ya Mwalimu wa Hisabati

Kiharusi kilimpata mwalimu wetu wa hisabati mbele ya ubao, katikati ya kipindi cha pili. Mkono wa kulia ukafa ganzi, mdomo ukapinda. Alilazwa hapa Eldoret wiki kadhaa, kisha akarudishwa kwake Cheptiret. Likizo ya ugonjwa ilipomwishia, bado hakuweza kushika hata kikombe.

Mimi ndiye niliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu, na rejista ya walimu nilikuwa naitunza mimi. Mwalimu asiyetia sahihi asubuhi huhesabiwa mtoro, na mtoro husimamishiwa mshahara. Tulikaa katika chumba cha walimu, tukanywa chai, tukaelewana bila mtu kuinua sauti. Vipindi vyake tungegawana. Sahihi yake ningeitia mimi. Kwetu huo ndio utu, na mpaka leo mtu akiniambia tulikosea namkasirikia, ingawa najua tulikosea.

Nilimsainia mihula miwili. Siku chache alikuja, mkewe amemshika kwapani, akaketi pembeni na kusahihisha madaftari kwa mkono wa kushoto. Siku nyingi hakuja.

Mwishowe mkewe akamshawishi aombe kustaafu kwa sababu za kiafya. Angepata pensheni mapema, pamoja na fidia ya ulemavu kutoka kwa bima, akae nyumbani atibiwe. Daktari aliandika barua nzuri. Tulifurahi sana, na hakuna hata mmoja wetu, watu wazima wenye vyeti, aliyefikiria kwamba rejista ingeitishwa.

Iliitishwa. Tukaitwa mjini, mimi, yeye na mkewe. Afisa aliyeshughulikia ombi lake alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Alizipitia kurasa moja moja, kisha akaondoa miwani.

"Tangu leave yake iishe, huyu mwalimu hajakosa job hata siku moja," akasema. "Sasa tutasema ni mgonjwa aje?" Akanigeukia. "Madam, hii rejista ni ya ukweli? Ama kuna mtu alikuwa anamsainia?"

Nilikuwa nimebakiza muhula mmoja nistaafu. Kughushi rejista ni kufutwa kazi, na pensheni yangu sikujua ingeishia wapi. Mkewe alinitazama usoni. Mwalimu mwenyewe aliangalia sakafu, mate yakimtoka upande ule uliopinda, na hakuyapangusa.

"Ni ya ukweli," nikasema.

Ombi lake likakataliwa, akaagizwa arudi darasani. Alirudi. Watoto hawakuelewa alichosema, wengine wakacheka, naye akajaribu kuendelea. Baada ya wiki tatu akaandika barua ya kuacha kazi, na fidia ikampita hivyo hivyo.

Nilipostaafu nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimebeba sukari na unga, kama mtu anayekwenda matangani, na nilijionea aibu tangu langoni. Mkewe aliweka chai mezani akatoka nje bila kunisalimu. Sikumlaumu. Nilianza kuomba msamaha, lakini mgonjwa akanizuia kwa mkono ule mzima.

"Madam," akasema, akilivuta kila neno kwa shida, "hata mimi ningesema vile ulisema."

Tulifundisha pamoja miaka kumi na tisa. Najua angesema ukweli, na yeye anajua kwamba najua.