Msiba Tuliokataa Kuuita Malaria

Kazi ya kuosha maiti za wanawake hapa Ujiji niliirithi kwa mama yangu, na kwa miaka zaidi ya ishirini nilidhani nimeshaona kila namna ya kifo. Kisha asubuhi moja jirani yangu akaniita nikamwoshe binti yake wa miaka kumi na tisa.

Binti huyo alikuwa msusi kwenye kibanda kimoja kule Gungu. Wiki za mwisho aliacha kwenda kazini, akawa hali chakula vizuri, analala mchana kutwa. Mama yake alifikiri ni mambo ya mchumba. Mimi nilimkuta siku moja ameketi barazani kwao, nikamwambia aswali tu, yatapita. Akaniitikia, "Sawa, bibi." Siku tatu baadaye akajiua.

Wenzangu wawili niliozoea kuosha nao hawakuja. Mmoja alisingizia mguu. Wa pili alisema wazi kwamba yeye hatii mkono wake kwenye maiti ya namna ile. Basi nikaosha mimi, shangazi wa marehemu akinimiminia maji. Shekhe naye hakusalisha mwenyewe, alimwachia msaidizi wake, akisema ni onyo kwa walio hai. Sikubishana naye. Ila nilimtazama yule mama alipoletewa habari hiyo, na nikajua mizigo yake imekuwa miwili.

Kaka wa jirani yangu ndiye aliyeamua neno la kusema: malaria. Hadi alasiri mtaa mzima ulikuwa ukisema malaria, hata waliojua. Jirani yangu akanivuta chumbani.

"Dada, malaria naijua, nimeuguza watoto watano," akaniambia. "Hii haikuwa malaria. Nikificha, binti wa mwenzangu atakufa hivihivi."

Nilimwambia akisema, nitakaa ubavuni kwake. Nilisema hivyo huku moyo wangu ukitamani anyamaze.

Siku ya hitima, wanawake tukiwa mikekani, aliomba kuzungumza. Alisema mwanawe amejiua, kwamba alikuwa anaumwa na yeye mama hakujua kuwa ule ni ugonjwa, na kwamba mwenye kijana nyumbani akaongee naye siku hiyohiyo. Baadhi waliinuka wakachukua kanga zao wakaondoka. Kaka yake alimnunia kwa miezi. Lakini mwanamke mmoja mwenye asili ya Burundi, anayetuletea maharage kutoka Simbo, alisogea akamshika mkono. Akasema kwa sauti ya chini kuwa mwanawe wa kiume alikufa vilevile, na tangu azikwe hajawahi kumwambia mtu.

Haikupita wiki, msichana aliyekuwa akisuka pamoja na marehemu akaja kwangu. Alisema amekuja kuuliza kama mwenzake alioshwa vizuri. Nikamjibu. Hakuondoka. Akauliza tena lile lile kwa maneno mengine, vidole vyake vikivuta uzi wa mkeka.

Siku zote nilikuwa nikiamini kwamba ukimuuliza mtu jambo hilo unampandia wazo. Hata hivyo nikauliza.

"Mwanangu, na wewe unawaza kujiua?"

Aliuachia ule uzi. "Ndiyo, bibi. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Sikumhubiria. Nilimwacha aseme mpaka akamaliza, kisha nikamwomba ruhusa ya kumwita mama yake, kisha mimi na binti tukapanda bodaboda kwenda hospitali. Mama yake alitukuta huko. Kwenye foleni mzee mmoja alitusikia, akatunong'oneza kuwa tukilitaja jambo hilo polisi wataitwa. Binti akasimama atoke. Nikamshika kanga, nikamwambia mzee yule kwamba hapa kuna mgonjwa, na mgonjwa haogopi hospitali. Muuguzi aliyetupokea alifunga mlango, akamsikiliza bila haraka, akatupeleka kwa daktari anayehusika na magonjwa ya akili. Binti alipewa dawa na siku za kurudi kuzungumza. Kwa miezi ile ya kwanza, mama yake na mimi tulipokezana kumsindikiza.

Leo yu hai, na anasuka. Zipo siku mbaya bado, na siku hizo hupiga simu. Shekhe naye alikuja kwangu, akaniuliza maswali mengi, hasa nini cha kumwambia mzazi. Hakusema alikosea, nami sikumtaka aseme. Siku hizi anatuachia nafasi ya kuongea na akina mama baada ya darsa.

Mimi na jirani yangu tunazunguka nyumba kwa nyumba kila tunaposikia kuna kijana aliyejifungia. Wanaotuita wachuro, waleta mikosi, wapo, na tunawasalimia wote. Wiki iliyopita kule Rusimbi tulifungiwa milango miwili. Kwenye nyumba ya tatu walitutandikia mkeka.