Sekunde Nne za Mwanzo

Mama maestro, mjane wa kiongozi wa kwaya yetu, alikuja kwangu Jumanne asubuhi, akiwa amebakiza siku nne za kuvaa nguo nyeusi. Jumamosi familia ingetoa matanga: watu wangekusanyika katika lupango, ua wa nyumba yao, wangesali, wangekula, naye angeingia ndani na kutoka amevaa kitenge cha rangi. Ndugu wa Tenke walikuwa wameshasema watafika Ijumaa, na viti vya parokia vilikuwa vimeshaombwa, kwa hiyo siku haikuweza kusogezwa. Kutoka kwangu alitaka kitu kimoja tu. Kabla hajavua nyeusi, sauti ya mume wake isikike mara moja katika lupango lile.

"Iko mu telefone yangu," aliniambia. "Ni ile moja tu. Ingine haiko."

Sikushangaa. Mume wake aliongoza kwaya yetu tangu kabla sijazaliwa, na katika rekodi zote za kwaya husikii popote ukasema, huyu ndiye yeye. Aliwapa watu mgongo, mikono hewani, akitutazama sisi tukiimba. Alikuwa mtoto wa familia iliyoletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, naye mwenyewe alifanya kazi karakanani mpaka pensheni. Kipaza sauti alikiogopa kuliko mashine iliyomla kidole. Mkewe tu ndiye aliyewahi kumnasa, mchana mmoja sebuleni, dakika moja na nusu ya wimbo wa Kiluba ambao mtaa wetu mzima wa Kapata unaujua.

Studio yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, mojawapo ya zile nyumba za mistari zilizojengwa kwa wafanyakazi wa kampuni zama za babu zetu. Kuta nimezifunika magodoro ya sponji niliyoyakata kwa kisu cha jikoni. Niliimba alto kwa maestro miaka kumi na miwili, safu ya pili, kisha nikaacha kuimba nikaanza kurekodi wanaoimba. Lazima nikiri kwamba najivunia masikio yangu. Mtu akiniambia kazi yangu ina kasoro, damu inanichemka kabla sijauliza ni kasoro gani.

Kompyuta yangu ni mzee. Betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika nayo inazimika papo hapo. Pia haiwezi kubeba mzigo mkubwa, na hilo ndilo limenifundisha namna yangu ya kufanya kazi. Katika programu ya kurekodi, efekti, yaani badiliko unalotaka sauti ipate, unaweza kuiacha nje ya sauti, na kompyuta ikaihesabu upya kila unapobonyeza kucheza. Au unaweza kuiingiza ndani ya kipande chenyewe cha sauti: unabonyeza, unasubiri, basi, imeingia, na kompyuta haina kazi tena. Ni kama chumvi ya mezani na chumvi ya sufuriani. Wenye kompyuta kubwa wanatumia ya mezani. Mimi napikia sufuriani.

Jumanne ile nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Nyuma ya sauti ya maestro kulikuwa na mngurumo wa malori yanayotoka mgodi wa Mashamba, ambayo hapa hayapumziki. Programu inaweza kuondoa kelele za namna hiyo, lakini kwanza lazima uifundishe. Unaionyesha kipande ambacho ndani yake hamna kitu ila kelele, unaiambia, hii hapa, itafute kila mahali uitoe. Mimi huchukua sekunde za mwanzo, kabla mtu hajafungua mdomo. Kwenye kioo cha kompyuta, sekunde nne za kwanza za maestro zilikuwa mstari mwembamba karibu kulala. Wala sikuzisikiliza. Nilizichagua, nikaifundisha programu, nikabonyeza, na malori yakaondoka. Kisha nikazikata zile sekunde nne zenyewe, wimbo uanze moja kwa moja. Nikaongeza nguvu ya sauti, nikailainisha kidogo, halafu nikavifunga vyote viwe kipande kimoja cha kudumu.

Jumatano mama maestro alirudi. Nilimketisha kwenye kiti changu, nikamvika kaske ya kusikilizia masikioni, taratibu kwa sababu ya kilemba chake cheusi, nikabonyeza. Nilisimama nikisubiri machozi, na kwa kweli nilikuwa nimeshaandaa leso. Alisikiliza mpaka mwisho macho makavu, akavua kaske, akaiweka mezani.

"Huyu haiko bwana yangu."

"Mama, ni yeye kabisa. Mi niliondosha tu makelele."

"Anaimba sawa mutu eko ndani ya pipa." Aliinuka, akanigusa bega. "Utaangalia tena, mutoto yangu. Mi nitakuya kesho."

Alipotoka niliufunga mlango kwa nguvu iliyozidi kidogo. Nilijiambia kwamba msiba umemharibia masikio, kwamba mwaka mzima amekuwa akiisikia sauti ile kichwani mwake na sasa hakuna sauti ya kweli itakayomtosha. Nilijiambia mengi. Baada ya hapo nikavaa kaske mimi mwenyewe, na ile leso bado iko mkononi, nikasikiliza. Alikuwa na haki. Maneno yalikuwepo, tuni ilikuwepo, lakini kifua cha yule mzee hakikuwepo. Lilibaki ganda lake tu, jembamba, linaimba kutoka mbali. Niliona aibu, kisha hasira, na nikikasirika huwa nafanya kazi vizuri, kwa hiyo nikaanza.

Kwanza nilishuku waya, nikabadilisha. Kisha spika, nikasikiliza kwa zote mbili na kwa kaske. Kisha nikafikiri labda simu ilirekodi kwa kipimo kimoja na programu inasoma kwa kingine, jambo ambalo hubadilisha sauti ya mtu na mwendo wake, lakini vipimo vilikuwa sawa. Ndipo nikagundua upumbavu mmoja: ile efekti ya kulainisha nilikuwa nimeiingiza ndani ya kipande na bado nimeiacha nje pia. Chumvi sufuriani na chumvi mezani. Nikaitoa ya nje, nikapiga kofi mezani kwa furaha, nikasikiliza. Maestro alikuwa bado ndani ya pipa.

Basi shida ilikuwa ndani ya kipande. Kwa kawaida programu inakuwekea orodha ya yote uliyokiingizia kipande, na unaweza kutoa moja moja ukasikia nani mwenye kosa. Nilifungua orodha. Ilikuwa tupu. Nilikuwa nimeshafunga kila kitu kiwe cha kudumu, kwa mikono yangu, na kitu cha kudumu hakina orodha.

Nilikwenda kwa mama maestro anipe tena telefone. Akaniambia Jumanne jioni, alipokuwa anafua, ilimponyoka ikaanguka kwenye beseni, haiwaki. "Lakini we uko nayo," alisema. "Uliikamata mu ordinateri." Nilimjibu ndiyo, mama, ninayo kwenye kompyuta. Sikumwambia kwamba niliyo nayo ni ile ya ndani ya pipa.

Kipande cha asili hubaki katika folda ya kazi, mpaka utakapoiambia programu itupe faili zisizotumika. Na mimi, kwa kuwa diski yangu ni ndogo, kila nikimaliza kazi huiambia itupe. Ni mazoea, kama kufagia kabla ya kulala. Nilirudi nyumbani, nikakaa nikijaribu kukumbuka Jumanne niliishiaje. Nilikumbuka lile swali likitokea kwenye kioo, je, tutupe? Nilikumbuka kidole changu kinakwenda. Halafu nikakumbuka kioo cheusi: umeme ulikuwa umekatika, na mimi nilikuwa nimeitukana serikali na mafundi wote wa umeme mpaka jirani akacheka. Nilifungua folda. Dakika moja na nusu ilikuwemo, nzima. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kushukuru umeme kukatika, na yale matusi niliyafuta yote kwa sauti, peke yangu chumbani.

Kabla ya lolote niliinakili mara tatu. Kisha nikaanza upya, hatua moja, nasikiliza, hatua nyingine, nasikiliza. Kuongeza nguvu hakukuharibu kitu. Kulainisha hakukuharibu kitu. Nilipofika kwenye kuondoa kelele, kifua kikatoweka. Mkosaji nilikuwa nimempata, lakini sikujua kosa lake. Kwa nini programu iliyofundishwa kutoa malori inatoa na mtu? Nilijaribu kwa nguvu ndogo, nikajaribu kwa nguvu ndogo zaidi, kila mara nikiifundisha kwa zile zile sekunde nne. Alhamisi mchana mama maestro alinikuta hapo, nywele zimenisimama, sijala.

Sikutaka kumweleza. Nilimvika kaske nikampa kipande cha asili kilivyo, na malori yake na yote. Sekunde ya pili tu alifumba macho.

"Njo huyu," alisema, yaani ndiye yeye. "Njo huyu sasa."

"Mama, wimbo bado haujaanza. Hapo ni makelele tu."

Alifumbua macho akanitazama kama nilivyokuwa nikitazamwa zamani nikichelewa mazoezi.

"Ile haiko makelele. Ile njo toni. Eko anatoa toni."

Nilichukua kaske. Nilipandisha sauti mpaka malori yakawa juu ya kichwa changu, na chini yake nikamsikia. Mdomo umefungwa, noti moja, ndefu, ya chini. Maestro hakuwa na kinanda wala hakukitaka. Kabla ya kila wimbo alitupa toni hivyo, puani, kwa upole, akanyamaza pumzi mbili, kisha sisi tukaingia. Miaka kumi na miwili nilisimama safu ya pili nikiingojea noti ile. Na siku nilipoikuta kwenye kioo, mstari mwembamba, niliionyesha kompyuta nikasema, hii ni kelele, itafute kila mahali uitoe. Ikanitii. Ilimtafuta ndani ya wimbo mzima, kila alipoigusa noti yake, ikamtoa.

Nililia mimi, si yeye. Nilimwambia pia lililonichoma zaidi, kwamba nyimbo zote za kwaya nilizowahi kurekodi, nilikata mwanzo wake kwa mkasi ule ule. Mahali pekee ambapo maestro alisikika ndipo nilipokata mimi.

"Siku ile," akasema, "alikuwa anatoa toni kwa mi. Tulizoea kuimba babili, mi na yeye. Mi nilikuwa nashika telefone, nikaogopa kuharibu, sikuingia. Akangoya, akaona siingii, akaimba yeye moja." Alinyoosha kidole kwenye kioo, mahali pale ambapo noti inaisha na wimbo haujaanza. "Usikate pale. Pale njo fasi yangu."

Kazi iliyobaki ilikuwa ya nusu saa. Mwishoni mwa kipande, baada ya maestro kumaliza, zilikuwepo sekunde tano za malori matupu. Safari hii nilizisikiliza, mara tano, ndipo nikaifundisha programu kwa hizo. Nilitoa kiasi kidogo tu. Lori moja liliendelea kusikika kwa mbali, nikaliacha, kwa sababu hata siku ile lilikuwepo.

Jumamosi lupango lilijaa. Kwaya ilikuwa imekaa upande wa jikoni, imeambiwa kwamba itaimba baadaye. Mama maestro alikaa mbele, nyeusi kwa mara ya mwisho, mikono mapajani. Mimi nilikuwa nyuma ya spika na kompyuta yangu mzee, nikiuomba umeme kwa heshima zote. Nilibonyeza.

Noti ilitoka kwenye spika, ya chini, ndefu. Kwaya nzima ilisimama. Hakuna aliyewaamuru, miguu yao ilijua noti ile kabla ya vichwa. Kisha zikaja zile pumzi mbili za kimya, na lori lile likapita ndani yake. Watu walidhani mashine imekwama, nikaona shingo zinageuka kunitazama.

Mama maestro aliingia. Aliingia kabla ya mtu mwingine yeyote, chini kidogo ya toni, kosa ambalo maestro angemkatizia wimbo na kumrudisha mwanzo. Hakuna aliyemkatiza. Mume wake akaanza pale pale, wakaimba ubeti wa kwanza wawili tu, na sisi wengine wote tukawangoja.