Jibu la Mwalimu Kuhusu Zebaki

Wasomaji wangu, mwalimu aliyenifundisha kemia Shinyanga amefariki kwa presha, na juzi tumemzika Katoro, alikohamia kununua dhahabu. Msemaji mmoja msibani alimwita nguli wa sayansi. Niliinamisha uso nisije nikacheka. Najua marehemu hasemwi vibaya, lakini huyu alikuwa mtupu mwenye majivuno, na sina subira ya kumpamba.

Mpangilio wa elektroni alitufundisha kwa mabenchi. Benchi la kwanza, karibu na kiini, wawili. La pili wanane. La tatu wanane. Anayebaki aende la nne. Tuliimba mbili, nane, nane, moja mpaka koo zikakauka, na hiyo ndiyo potasiamu. Siku moja msichana niliyekaa naye akauliza, "Mwalimu, kitabu kinasema ngazi ya tatu inabeba kumi na nane. Huyu wa kumi na tisa anakimbilia ya nne kwa nini?" Jibu lipo, wala si gumu: elektroni hukaa penye nishati ndogo, na mwanzo wa ngazi ya nne uko chini ya nafasi zilizobaki za ya tatu. Mwalimu hakulijua. "Umekuja kusoma au kunipima?" akafoka, akampigisha magoti mpaka kipindi kikaisha. Angesema hajui, nani angemla?

Msichana yule sasa ni mama wa watoto wanne hapo Katoro, na ndiye aliyekuwa akimchomea mwalimu dhahabu. Zebaki huikamata dhahabu mchangani na kufanya donge. Donge likichomwa, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Alikuwa akichomea jikoni kwake. Moshi ulipomtia hofu alimuuliza mwalimu, naye akamjibu kisomi: "Ngazi ya nje ya zebaki ina elektroni mbili, zimetulia, hazitafuti mtu. Itakudhuru vipi, mayu?" akimwita mama kwa Kisukuma. Upuuzi mtupu. Kwa kuwa elektroni hizo hazipendi kushikana na za jirani, ndiyo maana zebaki ni majimaji na hupaa upesi ikipata moto, na aliye karibu huivuta kifuani. Nadhani alilijua hilo, maana donge likichomwa yeye alisimama nje, unakotokea upepo.

Msibani mama huyo alinimiminia chai, nusu ikaishia kwenye sahani. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. "Uchovu tu," akasema. "Mwalimu alisema haina shida." Nikamweleza yote, nikamwambia kesho asubuhi aende hospitali. Akageuza shingo kumtazama mtoto aliyelala mgongoni mwake.

"Huwa nachoma nikiwa nimembeba," akasema.

 Nimepita Katoro mara nyingi, nikamkuta na donge lake motoni, nikamsalimia na kwenda zangu, nisionekane namkosoa mwalimu wangu. Mjinga aliyemdanganya tumemzika kwa sifa. Mimi niliyejua nikanyamaza sistahili hata hizo.