Pole Niliyokatazwa Kumpa Farasi

Mwanangu, sogea upate moto, baridi ya Njombe haina adabu. Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa binti wa kulisha farasi kwenye shamba la miti ya miwati nje ya mji. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini, na farasi wangu, Nyota, akatoka humo taratibu kama anayetembea usingizini. Nusu ya uso wake ilikuwa imebonyea. Farasi dume alikuwa amempiga teke chini ya jicho, mfupa ukaingia ndani, na kila pumzi ilitoka na mluzi na damu.

Mwenye shamba akamtazama, akasema asipoanza kupumua vizuri, jioni atampiga risasi asiteseke. Na mimi ndiye niliyemlea tangu akinyonya chupa. Nililia, wala sioni haya kukwambia.

Akaitwa daktari wa mifugo kutoka Makambako, mzee mwenye sauti ya chini. Alimchoma dawa ya kumsinziza amesimama, akamtia ganzi usoni, kisha akanilazia kichwa cha farasi begani. Kizito, usiombe. Akatoboa tundu dogo kando ya mfupa uliovunjika, akaingiza chuma chembamba chenye ncha iliyopinda.

Sasa unatujua sisi, mtu akiumia ni pole kwanza. Nikaanza: "Pole, Nyota. Pole, mama. Pole sana." Masikio yakacheza, kichwa kikatikisika, chuma kikateleza karibu na jicho.

Daktari hakufoka. "Binti, hiyo pole si yake, ni yako. Unajibembeleza mwenyewe. Nyamaza, umshike."

Iliniuma, nisikufiche. Nikanyamaza. Nikasikia pumzi yake ya moto shingoni, miwati ikidondosha umande, mpaka sikujua kati yetu nani amelala. Ndipo mfupa ukainuka, tak, ukakaa mahali pake. Daktari akaufunga kwa waya mwembamba, akashona ngozi. Mluzi ukakoma. Jioni mwenye shamba alikuja na bunduki, akamkuta anatafuna majani, akarudi nayo nyumbani.

Kesho unakwenda Lyamkena kwa dada yako aliyefiwa na mwanawe. Mpe pole moja, inatosha. Machozi yakikujia, jiulize kwanza ni ya nani. Kisha chota maji, pika, kaa naye, mwache akuegemee hata ukichoka, na ukichoka usimwambie.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu. Na siku utakapovunjika wewe, akuletee mtu wa kukushika.