Firigisi ya Ijumaa

Wiki ile niliyopata cheti cha serikali kinachonitambua kuwa mwanamke, meneja wa nyumba ya wazee ninapofanya kazi, hapa Merrylands ughaibuni, alinipa beji yenye jina langu jipya na kuninunulia keki. Nilipigiwa makofi, nikalia kidogo. Kisha ikafika Ijumaa.

Ijumaa sisi Waafrika wa shifti ya mchana huleta vyakula tukala pamoja. Kuku huletwa na muuguzi Mkenya wa makamo, ambaye sote tunamwita Mama. Kwao firigisi ni ya mwanaume, hakuna mjadala. Kwa miaka mingi mwanaume pekee mezani nilikuwa mimi, na firigisi ilikuwa yangu. Nilidhani keki imemaliza mambo. Mama akanipakulia kwanza, firigisi juu ya ugali.

"Kula, mwanangu."

Nikala. Mimi niliyebishana na ofisi nzima mpaka nikapata ile beji, nilitafuna huku nimeinamisha kichwa, maana katika jiji hili hakuna mwingine anayeniita mwanangu. Mama yangu mzazi, kule Tanga, hapokei tena simu zangu. Ijumaa iliyofuata nikala tena, na iliyofuata pia, nikijidharau kila tonge.

Mwishowe nilimfuata kwenye sinki akiosha vyombo.

"Mama, ile firigisi usinipakulie tena. Mimi si mwanaume."

Aliendelea kusugua sufuria. Nilipanda treni kurudi kwangu Mount Druitt nikiamini kwamba na yeye nimempoteza.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa na mfuaji nguo mpya, mzee wa Kikongo. Mama alimpakulia yeye kwanza. Nikaiona firigisi ikipita mbele ya pua yangu, nono, imekaangwa kwa vitunguu, na moyo ukaniuma kama mtoto aliyenyang'anywa.

Mama akanigeukia. "Na wewe umekaa tu hapo kama mgeni? Wanawake wenzako wanapakua! Kuja ushike hii mwiko, mwanangu."

Nilisimama uso ukiniwaka. Hayo maneno, wanawake wenzako, nimeyasubiri maisha yangu yote. Yalipokuja hatimaye, aibu yangu, yalinikuta nimekodolea macho sahani ya mzee wa watu.