Kufuli Nililolisahau Siku ya Jumuiya

Jamani, hii aibu naisimulia mwenyewe kwa sababu shangazi ameshaisambaza mtaa mzima wa Mlabani kwa namna yake, na ya kwake ni mbaya zaidi.

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi na kampuni moja ya Dar, nikifanyia nyumbani kwa shangazi hapa Ifakara. Kazi yenyewe (nivumilieni kidogo) ni kukagua draiva, zile programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia mtandao. Kuna wakati sehemu moja ya draiva inafuta kitu kwenye kumbukumbu huku sehemu nyingine bado inakisoma, basi kompyuta inazima ghafla. Ili kuzuia hilo huwekwa kufuli ndani ya programu, sehemu moja isubiri nyingine imalize. Mimi nilishuku draiva ya kidude kimoja cha waifai ina kosa hilo hata kufuli likiwepo, na siku hiyo nilitakiwa kumthibitishia bosi wangu, dada Neema, kwa simu ya video. Nikithibitisha, naajiriwa.

Nikajitia ujanja: niliondoe kufuli kwanza nione kompyuta inavyozima, halafu nilirudishe nijaribu kihalali. Nimeliondoa tu, hodi! Kumbe siku hiyo jumuiya ya kanisa inasali kwetu, nami nimesahau kabisa. Sasa wazee wanaingia, wewe utaendelea kukaa na kompyuta yako? Nikasimama, shikamoo baba, shikamoo mama, habari za Kibaoni, mpunga umekubali, nikabeba viti, nikatandika mikeka, narudi nakuta simu inaita, dada Neema huyo.

Nikaelekeza simu kwenye kompyuta, nikaanza kupakua faili kubwa, katikati nikachomoa kidude cha waifai, ili draiva ifute vitu vyake huku bado inavisoma. Kompyuta ikazima palepale.

"Imekufa!" Nikaruka kwa furaha.

"Pole mwanangu," akasema Mama Agnes, mwenyekiti wa jumuiya. "Tutaiombea."

Na kweli wakaanza kuiombea, mimi nacheka, sielewi wanachosikitikia, wao hawaelewi ninachochekea.

"Hongera," akasema dada Neema. "Hebu nionyeshe kufuli lilipo."

Nikaiwasha, nikafungua programu, nikapanda juu, nikashuka chini, kufuli hakuna. Nawaambieni nilimshuku hadi shangazi! Halafu nikakumbuka: nililiondoa mwenyewe, wageni wakaingia kabla sijalirudisha.

"Lirudishe ujaribu tena." Sauti yake ilikuwa imeshapoa.

Nikalirudisha. Nikachomoa kidude, kompyuta inadunda tu, haizimi. Nikachomoa tena na tena, inadunda. Nyuma yangu shangazi akapiga vigelegele, "Imefufuka!" jumuiya nzima makofi, nami machozi yananilengalenga.

"Hao wanashangilia nini?" dada Neema akauliza.

"Wanashangilia kwamba draiva haina kosa, dada."

Kampuni ikanishukuru kwa ushirikiano, na mnajua maana yake. Basi nimeapa: mgeni akinikuta nimeondoa kufuli, nitamwamkia nimekaa hivyohivyo, hata awe padri. Shangazi anasema huo ni utovu wa adabu. Ni kweli, lakini adabu nilikuwa nayo siku ile, na kazi sikupata.